Mpaka Mtu Ainuke

Tusidanganyane: wifi yangu hana sauti tamu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu nawajua. Ukiwaachia wao hadithi watakuambia alizaliwa akiimba, na kwamba ndege walikuwa wanatua dirishani kumsikiliza. Uongo mtupu. Mimi nimekaa naye ua mmoja tangu kaka yangu alipomwoa, tunatenganishwa na ukuta na kamba ya kuanikia nguo, na sijaona ndege aliyetua. Sauti ya wifi ni pana, ina mkwaruzo kwa chini, na inafika. Sifa yake ndiyo hiyo. Akitaja chumvi jikoni kwake, mimi huku kwangu najikuta nimeshika kopo la chumvi.

Kazi yake ni mapokezi ya hospitali. Anakaa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu kwa chini, anaandikisha wagonjwa, anawapa vikaratasi vya namba, na daktari akiwa tayari anawaita. Zamani palikuwa na kipaza sauti. Kikafa, na hakuna aliyejisumbua kukifufua maana wifi alikuwepo. Anasimama, anaweka kiganja juu ya kaunta, anaita: "Namba kumi na tisa, chumba cha pili." Kisha ananyamaza, kichwa juu, anatazama mabenchi. Haiti mwingine mpaka huyo kumi na tisa ainuke. Kama ni bibi mwenye goti bovu, wifi anasubiri bibi apapase fimbo, aokote mkoba, aagane na jirani wa benchi, asimame. Asipoonekana mtu, anaita tena, taratibu zaidi, kana kwamba kosa la mara ya kwanza lilikuwa lake. Wenzake wakimlalamikia kwamba anachelewesha foleni, anawajibu, "Mgonjwa hakimbizwi."

Na ni hapo mapokezi alipompata kaka. Kaka yangu ni fundi wa vitasa na funguo, mtu mwenye maneno machache kuliko vitasa vyenyewe. Siku hiyo alikuwa amejichana kiganja kwa tupa yake ya kuchongea funguo. Akaenda hospitali mkono umefungwa kitambaa, akapewa namba, akakaa. Wifi alikuwa msichana mgeni kazini. Akaita namba yake. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, na alipoona bado, akatoka nyuma ya dirisha, akapita benchi hadi benchi, akamkuta kijana ameinamisha kichwa, macho amefumba, kitambaa kimelowa damu.

"Kaka, umezimia?"

Kaka akafumbua macho. "Samahani dada. Nilisinzia."

Basi hiyo ndiyo hadithi ya ndoa yao. Kila mgeni anayekanyaga ua wetu lazima aisikie, na wifi huimalizia vilevile: "Wenzangu waliposwa na watu walio macho. Mimi nikampata aliyelala huku damu zinamtoka." Jina la Usingizi likamganda kaka yangu mpaka leo, na ameliheshimu. Alisinzia kwenye harusi yake mwenyewe wakati wa nasaha. Alisinzia kwenye mahafali ya binti yake. Kaka huwa hakatai wala hakubali. Hutabasamu tu, akarudi kwenye kitasa chake.

Mambo yao yalikuwa yanakwenda hivyo, mpaka ikaja habari ya mashine.

Hospitali ikaamua kuweka ukutani kioo kikubwa cha kuonyesha namba, na ndani yake mna sauti ya mwanamke iliyorekodiwa sijui wapi. Ikafanyiwa majaribio siku moja, na wifi akaisikia. Jioni hiyo hakupita nyumbani, alinyoosha moja kwa moja hadi saluni kwangu. Mimi ni msusi. Akajibwaga kwenye kiti cha wateja na sare yake ya kazi.

"Inasemaje hiyo mashine?" nikamuuliza.

"Inasema vizuri tu. Namba kumi, chumba cha kwanza. Namba kumi na moja, chumba cha pili. Kama mtu anahesabu vifaranga."

"Haisubiri?"

"Imsubiri nani, wifi? Ina macho?"

Hafukuzwi, akanieleza. Anahamishiwa chumba cha mafaili, kule nyuma, penye rafu mpaka darini na karani mmoja anayependa utulivu. "Faili haliitwi," akasema. "Unalifuata, unalivuta. Sasa hii sauti nitaipeleka wapi?"

Nikamwambia aipeleke kwa mumewe imwamshe. Huo ndio utani wetu, na siku nyingine angenirudishia maneno mazito kuliko yangu. Siku hiyo hakujibu. Alikuwa anajitazama kwenye kioo changu kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayeondoka. Nikaona hapa maneno hayatasaidia, nikachukua kitana, nikamfumua nywele.

Sasa, kwenye ukuta wangu, kati ya picha za mitindo ya nywele, kulikuwa na tangazo la kikundi cha maigizo cha mtaa. Ni watu wa kazi zao hao, fundi bomba, muuza duka, walimu, wanakutana ukumbi wa jamii kila wikiendi. Safari hii walikuwa wanaandaa igizo la nyimbo, la kwanza kwao, na walitafuta waigizaji wapya. Nilikuwa nimelibandika kwa heshima tu, sikuwahi kulisoma. Wifi akalisoma akiwa mikononi mwangu, kichwa kimeinama upande, midomo inacheza.

"Wanatafuta mama mwenye nyumba," akasema. "'Mwanamke mtu mzima, mwenye sauti inayofika mwisho wa ukumbi.' Wifi, huyo ni mimi."

"Wifi yangu, hayo ni mambo ya waimbaji."

"Hawakuandika sauti tamu. Soma mwenyewe. Wameandika inayofika."

Nikasoma. Kweli, neno tamu halikuwemo.

"Nikiipata hii nafasi," akasema, "hata mashine yao waipambe maua. Nikiikosa, naingia kwenye mafaili nikiwa bubu, nibaki hivyo." Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, na ndiyo maana nikaogopa. Mtu anayelia unampa kitambaa. Aliyetulia utampa nini?

Binti yao akaenda kwa mwalimu anayeongoza kikundi, akarudi na wimbo kwenye simu. Watakaojaribiwa kwa nafasi ya mama wote wangeimba huo huo. Ni wimbo wa mama ambaye watu wake wametawanyika, kila mtu na njia yake, naye jioni anasimama mlangoni kuwaita:

Uliye mbali rejea, mlango sijaufunga,
Jiko nimelichochea, kikombe nimekipanga.

Wimbo wenyewe hauna makuu. Wifi aliushika kabla maharage hayajaiva. Tukakaa jikoni kwake tumsikilize vizuri, mimi na binti, na kaka nje barazani akisugua funguo zake kwa tupa. Wifi akaweka kiganja juu ya meza, akavuta pumzi, akaimba: "Uliye mbali rejea."

Akanyamaza.

Kichwa juu. Macho yakanitazama mimi, yakamtazama binti, yakaenda mlangoni, yakarudi. Muziki wa simu ukaendelea peke yake, ukapita mstari wa mlango, ukapita wa jiko, ukafika wa kikombe, ukakatika.

"Mama, mbona umenyamaza?" binti akauliza.

"Nimenyamaza?"

Masikini, hakujua! Miaka yote ile ya kuita na kusubiri ilikuwa imemwingia mwilini, kama mkono wa msusi unaosuka hata usingizini. Tukarudia. "Uliye mbali rejea." Kimya, kichwa juu. Safari hii mlango wa bafu la uani ukafunguka, mpangaji wa chumba cha mwisho akatoa kichwa, povu la sabuni masikioni.

"Nani ananiita?"

"Hakuna anayekuita. Oga," nikamwambia.

Kesho yake akatoka jirani wa nyumba ya nyuma, mwiko mkononi, naye anauliza kaitwa na nani. Siku ya tatu wakatoka wote wawili kwa pamoja, wakatazamana. Huko barazani tupa ya kaka ilikuwa inanyamaza kila wifi aliponyamaza. Nikajua ni usingizi wake ule ule.

Basi tukashika kazi ya kumwachisha. Binti akajaribu kumpigia meza kwa kijiko ili asinyamaze. Wifi akawa anasubiri mtu ainuke, na kijiko nacho anakisubiri kinyamaze. Tukajaribu kumfunga macho kwa kanga. Akasubiri gizani. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wahenga. Huyu wa kwetu alishakauka zamani, nikaona dawa ni kumkunja kwa nguvu.

Nikamkalisha saluni, nikaanza kumsuka misuko midogo midogo, nikamwambia aimbe. Akifika mwisho wa mstari akitaka kunyamaza, navuta msuko.

"Uliye mbali rejea... Aaa! Wifi!"

"Endelea."

"Utaning'oa ngozi!"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Endelea."

Jamani, ilifanya kazi! Sikutegemea, lakini ilifanya kazi. Kufikia kichwa kuisha, wifi alikuwa anaimba beti zote bila kituo, moja kwa moja. Wateja waliokuwa wanasubiri wakapiga makofi. Nikaona kusuka mara mbili kwa mwezi hakutoshi, nikawa namfumua na kumsuka upya kila alipopata nafasi, akawa mwanamke mwenye nywele safi kuliko wote mjini. Nami nikaanza kujisikia mwalimu wa muziki. Nilikuwa nazungumza na wateja kuhusu pumzi na tumbo, mambo ambayo sikuyajua hata kidogo.

Kitu kimoja tu kilinikera. Dada mmoja mwimbaji wa kwaya, mteja wangu wa siku nyingi, akaja kusukwa kwa ajili ya usaili huo huo, kwa nafasi hiyo hiyo. Akawa anaimba taratibu huku namsuka, na wallahi mikono yangu ilipoteza njia. Sauti yake ilikuwa asali. Nilimsuka vizuri, kazi ni kazi, ila pale kwenye paji la uso nilikaza kidogo.

Siku mbili kabla ya usaili tulikula pamoja, ua mzima. Wifi akamuuliza mumewe, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Jumamosi utakuja?"

Kaka akatazama sahani. "Nina kitasa cha kubadilisha."

"Jumamosi asubuhi?"

"Mtu kafungiwa nje."

"Kafungiwa nje leo Alhamisi, atakaa nje mpaka Jumamosi?"

Kaka akamega tonge. Wifi akacheka, akasema, "Mwacheni. Akija atasinzia, akorome, watu wadhani ni sehemu ya wimbo." Tukacheka wote. Lakini alikusanya vyombo kwa kelele nyingi kuliko vyombo vyenyewe vilivyohitaji.

Mimi si mtu wa kumeza. Nikamfuata kaka barazani. "Una nini wewe? Mwenzio anaomba kitu kimoja."

"Nikiwepo atababaika," akasema.

"Sema ukweli."

"Ndio ukweli. Akikosea, sitaki ajue kwamba nimeona."

"Kaka, wewe ni mtu wa ajabu," nikamwambia, nikaondoka nimekasirika. Nilikasirika mpaka Jumamosi.

Ukumbi wa jamii ni ule wa kawaida, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama, jukwaa la mbao linalolia ukipita upande wa kushoto. Watu walijaa. Wengine walikuja kujaribiwa, wengine walikuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikaa mbele, mama mmoja mwembamba wa shule ya msingi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, chupa ya chai miguuni. Pembeni yake kijana mpiga kinanda.

Dada wa kwaya akatangulia. Sitaeleza sana, roho yangu bado inauma. Aliimba, ukumbi ukatulia, na alipomaliza watu wakapiga makofi kama yote yamekwisha. Wifi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua.

"Wifi, nirudi nyumbani?"

"Ukirudi nyumbani nitakufumua hapa hapa," nikasema. Akaenda.

Alivaa gauni la kijani. Misuko yangu ilikuwa imekaa sawa, kila mstari umenyooka, sikuwahi kusuka kichwa kizuri kama kile. Akapanda jukwaani, upande wa kushoto ukalia, kinanda kikaanza. Akafungua mdomo. "Uliye mbali rejea," na hapo, mwisho wa mstari, hakunyamaza. La. Alifumba macho kwa nguvu, akainua mabega, akaingiza shingo ndani kama kuku anayekwepa jiwe, kisha akakimbilia mstari wa pili. "Mlango sijaufunga," shingo ndani. "Jiko nimelichochea," shingo ndani. Alikuwa anakwepa mkono wangu! Mimi nimekaa safu ya tatu, mikono nimekalia, naye jukwaani anakwepa mkono wangu. Na kwa kuogopa kuvutwa akazidi kuharakisha, akamaliza ubeti mpiga kinanda akiwa bado njiani.

Wachache wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kitana changu.

"Asante, mama," mwalimu akasema. Kila mtu anaijua asante ya namna hiyo. Wifi akaitikia kwa kichwa, akaanza kushuka, na alivyoshuka nilimwona yule mwanamke wa kwenye kioo cha saluni, yule anayeondoka. Machozi yakanilenga. Mimi ndiye niliyemharibu, kwa mikono hii hii ninayoisifia.

"Samahani, mama," mwalimu akamwita. "Shingo inakuuma?"

"Hapana, mwalimu." Wifi akasimama kwenye ngazi. Yeye uongo haumkai mdomoni. "Ni wifi yangu. Huwa ananivuta nywele."

Ukumbi mzima ukageuka kutafuta wifi ni nani. Nikageuka na mimi.

"Anakuvuta nywele kwa nini?"

"Nikinyamaza."

"Na kwa nini unanyamaza?"

"Nimezoea, mwalimu. Mimi ni wa mapokezi ya hospitali. Nikiita mtu, nanyamaza nione kama anainuka."

Mwalimu akavaa miwani yake. "Na asipoinuka?"

"Namwita tena."

"Mpaka lini?"

Wifi akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Mpaka ainuke."

Mwalimu akafunga kifuniko cha chupa yake ya chai, akasema, "Rudi juu. Niimbie hivyo. Kinanda, wewe mfuate yeye, usimkimbize."

Wifi akarudi. Palikuwa na stendi ya kuwekea karatasi za nyimbo, akaweka kiganja juu yake, na nikaona mabega yanashuka yenyewe. Akaimba.

"Uliye mbali rejea."

Akanyamaza. Kichwa juu. Macho yakapita safu ya kwanza, ya pili, yakanipita mimi, yakaenda nyuma. Kijana wa kinanda alibaki vidole hewani. Ukumbi uliokuwa unatafuna karanga ukaacha kutafuna. Sijui nieleze vipi. Sote tulikuwa tunajua ni wimbo, lakini alivyokuwa anatazama, mtu ungeapa kuna mmoja kati yetu ambaye kweli hajarudi nyumbani.

Hakuinuka mtu. Akaimba tena, taratibu zaidi, sauti ileile yenye mkwaruzo kwa chini. "Uliye mbali rejea." Akasubiri. Kitoto kimoja mahali fulani kikauliza, "Anamwita nani?" kikanyamazishwa.

Kimya. Nikasema basi, atakaa hapo mpaka jioni, huyu namjua.

Akaita mara ya tatu. Hapo haikuwa tena ya kuimba sana. Ilikuwa nusu wimbo na nusu ile sauti ya dirishani, ya kumwambia mtu asiogope, ni zamu yako.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu. Tukageuka. Kaka yangu alikuwa amesimama. Mfuko wa vifaa begani, nguo za kazi, mikono pembeni kama mwanafunzi. Sijui aliingia saa ngapi. Macho yake yalikuwa wazi, wazi kabisa, yamemkazia mkewe.

Wifi akamwona. Uso wake wote ukafunguka. "Mlango sijaufunga," akaimba, na sauti ikafika mwisho wa ukumbi, ikamgusa kaka, ikatoka nje mpaka barabarani.

Kuanzia hapo sikumbuki mpangilio. Mwisho wa mstari uliofuata akanyamaza, na bibi mmoja wa safu ya mbele akapapasa fimbo yake akasimama, bila kuambiwa, kwa mazoea tu. Mzee aliyekaa naye akasimama kumshika. Kisha wengine. Nani mtaani kwetu hajawahi kuitwa na sauti ile, akiwa na homa, au na mtoto mgongoni, au amemsindikiza mzazi aliyerudi naye au ambaye hakurudi naye? Hata yule dada wa kwaya alisimama. Nami nikasimama, nikamsamehe asali yake yote.

Wimbo ulipoisha mwalimu alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya blauzi. "Kaeni jamani," akasema. "Huu ni usaili, si hospitali." Kisha akamgeukia wifi. "Mazoezi yanaanza wiki ijayo, mama mwenye nyumba. Na huyo wifi yako asiguse hicho kichwa mpaka igizo liishe."

Dada wa kwaya akapewa nafasi ya binti mkubwa. Akaja kumkumbatia wifi, kisha akaniambia kwamba paji la uso lilimuuma usiku kucha. Nikamwambia misuko mipya huwa hivyo.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu, jua limepanda. Wifi alikuwa juu juu, anaongea bila nukta, mara gauni lilimbana, mara mpiga kinanda ana kipaji, mara mafaili yake atayapanga huku anajikumbusha beti, na yule karani wa utulivu atajiju. Kaka anatembea pembeni na mfuko wake, kimya kama kawaida. Tulipokaribia kwetu wifi akakumbuka.

"Na wewe! Nimekuita mara tatu nzima. Watu wote wanasubiri, wewe umekaa. Ulishasinzia, eti?"

"Sikusinzia," kaka akasema.

"Wacha weye. Usingizi mwenyewe huyu."

"Sikusinzia," akarudia. Akahamisha mfuko kutoka bega moja kwenda jingine. "Hata siku ile sikusinzia."

Wifi akasimama katikati ya njia. "Siku gani?"

Kaka hakujibu. Wifi naye hakumsukuma, hakumcheka. Alifanya kitu kile anachokijua. Alinyamaza, kichwa juu, macho juu ya mumewe, akasubiri. Pikipiki ikapita ikatupigia honi, hakusogea. Angesubiri hapo mpaka kesho, na kaka alilijua hilo kuliko mimi.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," kaka akasema mwisho, akiitazama ile alama ya tupa kiganjani mwake. "Nilitaka uniite tena."

Nikainama kufunga kamba za viatu ili wao watangulie, na siku hiyo nilikuwa nimevaa kandambili.